Watunzaji wa Habari za Kale Umatengo na Ufukoni mwa Nyasa

Wasikilizaji wetu, mtu asimamaye juu ya vilima vya Litembo huona miteremko imejaa mashimo, shimo na shimo mwenziwe, mfano wa sega la nyuki. Hayo ndiyo mashamba ya ngolo ya Wamatengo. Mgeni huyasifu akapita zake. Na kijana wa pale, akiulizwa kwa nini babu zake walilima hivyo, aghalabu hujibu ya kuwa ndivyo alivyokuta. Jibu lenyewe liko kwa wazee, nao wazee wanapungua kila mwaka. Basi leo twapenda kueleza habari za watu waliojitwika kazi ya kuhifadhi mambo ya kale, wengine wao pasipo mshahara wala cheo.

Kwanza tueleze ngolo, maana asiyeijua hataona hasara ya kuisahau. Mvua zinapokaribia kwisha, wanaume hufyeka majani marefu, huyaacha yanyauke, kisha huyapanga juu ya mteremko kwa mistari inayokatana, mpaka shamba zima likawa vyumba vidogo vya mraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila chumba na kuyafunika majani yale. Hivyo katikati hubaki shimo, na kando husimama tuta lenye mbolea ndani yake. Juu ya tuta hupandwa maharagwe, na msimu wa mvua ufuatao mahindi. Mvua kubwa inyeshapo, maji hutuama mashimoni badala ya kuporomoka na rutuba mpaka bondeni. Husemwa ya kuwa Wamatengo walisongamana katika milima hii mikali kwa kuyakimbia mashambulio ya Wangoni katika karne ya 19, na udogo wa nchi ukawafundisha kuitunza.

Mtu mmoja, A. H. Pike, aliiandika habari hiyo mwaka 1938 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, lililoanza mwaka 1936 kwa ajili ya kukusanya mambo ya nchi hii. Twamshukuru. Ila jarida lile lilikuwa la Kiingereza, na mama aliyeshika jembe hakuweza kulisoma. Ilikuwa mwaka 1972 ndipo Egno Ndunguru alipotoa kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wamatengo kwa Kiswahili, nacho kikawa cha watu wenyewe.

Lakini kitabu peke yake hakitoshi. Zamani Wamatengo walikuwa na sengu, yaani mahali ambapo watu wa ukoo walikula pamoja, wakaamua mashauri yao mbele ya mzee wao, na vijana wakasikia huku wakimega ugali. Sengu ilipofifia, darasa lile nalo lilifungwa. Kati ya mwaka 1999 na 2004, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilifanya kazi Umatengo pamoja na Wajapani, na katika kijiji cha Kindimba watu waliijenga mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji. Kamati ya kuisimamia waliiita Sengu. Twaona hapo hekima kubwa: jina la kale halikuwekwa kabatini, bali lilipewa kazi.

Tukishuka ufukoni, wilaya ya Nyasa tangu ilipogawanywa na Mbinga mwaka 2012, mambo ni ya namna nyingine. Pale Liuli, palipoitwa na Wajerumani Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe lililo ziwani, tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Gwendolen iliishambulia Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha wake Mjerumani hakuwa na habari hata kidogo kuwa vita imeanza! Na hapo hapo Liuli amezikwa Padre William Percival Johnson, aliyefariki mwaka 1928 baada ya kuhubiri pwani za ziwa hili zaidi ya miaka 40. Waumini huenda kuhiji kaburini kwake. Kaburi la mtu husafishwa kwa kuwa watu huja. Lakini habari za wavuvi waliozisikia bunduki za mwaka 1914 hazina kaburi wala hija.

Mfano ulio mkubwa kwetu uko Songea. Wazee wa mji ule ndio waliosimamisha makumbusho ya Maji Maji mwaka 1980, karibu na kaburi la mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Na mwaka 2010 yakaingizwa katika Makumbusho ya Taifa. Miongoni mwa walionyongwa alikuwa Nduna Songea Mbano, ambaye jamaa zake husema kichwa chake kilichukuliwa Ulaya. Hawakuacha kukidai. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akawaomba radhi. Kichwa hakijapatikana; lakini dai lisingaliishi zaidi ya miaka 100 kama hapangalikuwa na wazee wa kulirithisha.

Hapa pana jambo gumu, nasi hatulifichi. Mngoni na Mmatengo hawasimulii vita vya zamani kwa namna moja. Shujaa wa huyu ni mshambulizi wa yule. Watunzaji wengine hutaka kuzisawazisha hadithi hizo ili majirani wasikasirike. Sisi twaona vema ziandikwe zote mbili kama zilivyosemwa, pamoja na jina la msemaji, kijiji chake na siku aliyosema. Kwanza kwa Kimatengo au Kinyasa, kisha kwa Kiswahili. Nakala moja ibaki palepale kijijini, ili mjukuu wa msemaji aweze kuisoma bila kupanda basi.