Barua pepe ikigoma, chanzo huweza kuwa faili la maneno ya siri

MTUMIAJI wa kompyuta huwasha mashine yake asubuhi, akafungua programu ya barua pepe, na mara hutokea kisanduku kinachomtaka aandike neno la siri. Huliandika, kisanduku kikatoweka, kisha baada ya dakika chache kikarudi. Wakati mwingine huambiwa kuwa seva imemkataa, ilhali neno alilotumia ni lilelile la jana.

Hapo ndipo wengi hukosea. Wapo wanaoiondoa programu na kuiweka upya, na wapo wanaomwita fundi ambaye hufuta akaunti nzima. Njia ya kwanza mara nyingi haisaidii, kwa sababu mafaili ya mtumiaji hukaa katika folda nyingine isiyoguswa programu inapoondolewa. Njia ya pili ni ya hatari zaidi. Kwa akaunti za POP, ambazo mara nyingi huondoa barua kwenye seva baada ya kuzipakua, nakala pekee ya barua za miaka mingi huweza kuwa ndani ya kompyuta hiyo.

Mfano mzuri ni Thunderbird, programu isiyolipiwa ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004. Programu hiyo haichanganyi maneno ya siri na barua. Huyahifadhi katika faili liitwalo logins.json, yakiwa yamegeuzwa kuwa maandishi ya fumbo, na ufunguo wa kuyafumbua huwekwa katika faili jingine, key4.db. Moja likiharibika, jingine halina kazi.

Sababu za uharibifu ni za kawaida: umeme hukatika wakati faili linaandikwa, diski hujaa, au diski yenyewe huanza kuchoka. Aidha, lipo kosa la mtu anayehamia kompyuta mpya akanakili logins.json peke yake na kuuacha ufunguo wake nyuma. Faili huonekana zima, lakini halisomeki.

Kabla ya kugusa chochote, inafaa kufungua akaunti hiyo kwa kivinjari cha intaneti. Ikikataa huko pia, basi neno la siri limebadilika au akaunti imefungwa, na mafaili hayana hatia. Wenye akaunti za Google wanapaswa kukumbuka jambo moja zaidi. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilianza kuzizuia programu kuingia katika akaunti binafsi kwa neno la siri la kawaida, hivyo Thunderbird hutakiwa kutumia utaratibu wa OAuth2. Kibali cha utaratibu huo nacho hutunzwa katika logins.json, kwa hiyo faili likiharibika, dirisha la Google la kuomba kuingia hurudi tena na tena.

Iwapo kivinjari kimekubali, kazi iliyobaki si kubwa. Katika menyu ya Help huchaguliwa Troubleshooting Information, na karibu na maneno Profile Folder kuna kitufe cha kufungua folda ya mtumiaji. Programu ifungwe kabisa, kisha folda hiyo yote inakiliwe kwenye diski ya nje. Hatua hii isirukwe, hata kama mtu ana haraka.

Baada ya hapo, logins.json hupewa jina jingine, kwa mfano logins-zamani.json, na programu hufunguliwa upya. Matoleo ya miaka ya karibuni huwa pia na nakala ya akiba, logins-backup.json, na tatizo likiendelea, hiyo nayo hubadilishwa jina. Thunderbird huunda faili jipya, huuliza neno la siri mara moja kwa kila akaunti, na barua zote hubaki mahali pake.

Likishindikana hilo, ndipo hufikiwa key4.db, nalo kwa kubadilishwa jina tu, programu ikiwa imefungwa. Faili hilo halifai kufutwa ovyo. Wanaotumia vyeti vya kutia saini barua, au funguo za OpenPGP, hulitegemea ili kufungua barua zilizofichwa, na bila nakala za funguo hizo zilizowekwa kando, barua hizo hazitasomeka tena.

Si busara pia kumtumia fundi mafaili hayo mawili ili ayachunguze kwake. Pale ambapo mtumiaji hakuweka neno kuu la siri la programu, yeyote aliye na logins.json pamoja na key4.db huweza kuyasoma maneno yote ya siri yaliyomo. Hali ni hiyo hiyo kwa nakala za zamani zilizobaki ndani ya kompyuta inayokaribia kuuzwa.