Mikono ya Sweta Iliyofupika

Huku nyanda za juu baridi ya Juni na Julai huuma, nao watoto huja kanisani na masweta yenye mikono iliyokoma karibu na kiwiko. Mama mmoja aliniletea sweta la mwanawe, akitaka kulifumua lote. Nikamzuia.

Kazi ya kufuma hufumuka kwa urahisi kutoka pale ilipomalizikia, si pale ilipoanzia. Mikono ile ilianzwa chini, kwenye kifundo. Ukivuta hapo huambulii kitu. Basi tulikata kitanzi kimoja tu, juu kidogo ya ukingo, tukauvuta uzi polepole mstari mzima, na kila kitanzi kilichobaki wazi tukakiokota kwa sindano. (Saa hiyo mtoto mwenyewe na apelekwe nje akacheze.) Kisha tukafuma kuelekea chini.

Lakini uzi mpya ulitutaabisha. Alikuwa ameusokota mnene kuliko ule wa kwanza: vitanzi 5 kwa inchi vikawa 4, na mkono wa vitanzi 40, uliokuwa na mzunguko wa inchi 8, ukapanuka kuwa inchi 10, mfano wa kengele. Tukafumua. Yafaa kuufunga uzi wa zamani katika pia, uulinganishe kila mara usokotapo. Ukiisha, uoshe uzi kwa maji vuguvugu na kuuanika kabla ya kuufuma. Wala usiusugue katika maji ya moto, maana sufu hushikamana na kunywea.

Na sweta lijalo, anza mikono begani ukishuka. Mwaka ukipita, utafumua ukingo tu, na kuongeza.