Kumbukumbu ya Kompyuta na Ushahidi wa Lahaja

Pwani ya kusini mwa Kenya, katika Kaunti ya Kwale, ni hazina ya lahaja za Kiswahili. Chichifundi huzungumzwa pande za Msambweni na Funzi, na Kivumba huzungumzwa Wasini na Vanga. H. E. Lambert alichapisha maelezo ya Kivumba mwaka wa 1957 na ya Chichifundi mwaka wa 1958. Mtafiti wa leo hunukuu masimulizi ya wazee kwa kompyuta, nayo kompyuta yaweza kupotosha ushahidi bila ya mwenyewe kujua.

Ndani ya kompyuta kila herufi ni mfuatano wa 0 na 1. Herufi p na t hutofautiana kwa tarakimu moja tu. Kumbukumbu ikiwa na hitilafu, tarakimu hiyo yaweza kugeuka, na “paka” ikahifadhiwa kuwa “taka”. Katika taaluma ya lahaja hilo si kosa dogo, kwani yamkini msomaji akalichukulia kuwa ni sifa ya matamshi ya mahali.

Aghalabu dalili huwa wazi zaidi: kompyuta hukwama, hujizima, au faili hukataa kufunguka. Hata hivyo, joto, diski mbovu na umeme usiotulia huleta dalili zizo hizo. Kwa hiyo uchunguzi sharti ufuate utaratibu.

Kwanza, rekodi za sauti na nakala za zamani zihifadhiwe kando. Pili, mipangilio ikaguliwe. Kasi ya kumbukumbu isizidi kiwango cha mtengenezaji. Aidha, Windows ya kawaida ya biti 32 haitumii zaidi ya gigabaiti 4, hivyo upungufu huo si ubovu. Tatu, programu kama Memtest86+ iachwe ifanye kazi usiku kucha. Hata kosa moja halipuuzwi. Nne, umeme ukishachomolewa, vibao vya kumbukumbu vijaribiwe kimoja kimoja. Kosa likihama pamoja na kibao, kibao ndicho kibovu. Likibaki kwenye tundu lile lile kwa kila kibao, tundu lishukiwe.

Hewa ya chumvi na unyevu, kama ile ya ufuoni Diani, huweza kuchakaza viunganishi vya chuma. Pengine kukitoa kibao na kukirudisha vyema hutosha.

Baada ya matengenezo, maandishi yalinganishwe upya na sauti zilizorekodiwa. Kibao cha kumbukumbu hununuliwa kingine; sauti ya mzee aliyekwisha kufariki hainunuliki.