Maneno ya Kuazima

Nguo ya kuazima, walisema wazee wetu, haisitiri maungo. Je, na neno la kuazima? Twauliza hivi kwa sababu kila asubuhi, katika basi, sokoni, na penye foleni ya mshahara, twasikia watu wazima wenye akili zao wakisalimiana, wakitaniana, na hata wakigombana kwa maneno ambayo hawakuyatunga wao. Wameyaokota jana usiku mbele ya televisheni. Mmoja hutamka nusu ya kauli ya mchekeshaji, mwenziwe huimalizia nusu iliyobaki, na wote wawili hucheka kana kwamba wamefunguliana mlango. Asiyeutazama mchezo ule husalia nje ya mlango huo, akitabasamu kwa adabu tu.

Wako wasemao kwamba jambo hili ni uvivu wa akili, na kwamba mtu aliye na ulimi wake hana haja ya ulimi wa mwingine. Sisi hatukubali upesi namna hiyo. Lugha yetu yenyewe ni mali ya watu waliozoea kuazimana. Kila methali tunayoitumia ilitamkwa kwanza na mtu mmoja, siku moja, mahali pamoja. Wenziwe wakaipenda, wakaichukua, na jina la mwenyewe likapotea. Tazameni kanga za mama zetu. Mwanamke hununua dukani kauli iliyotungwa na mtu asiyemjua, huivaa, hupita nayo mbele ya jirani, na jirani hufahamu barabara kwamba ameambiwa yeye. Hakuna amwambiaye mama yule kwamba ameiba maneno. Ameyachagua, naye ameyatumia mahali pake. Na kuchagua nako ni kusema.

Hivyo televisheni haikuanzisha desturi hii. Imeongeza mbio zake tu. Kenya ilianza kuwa na televisheni mwaka 1962. Zanzibar iliipata miaka ya mwanzo ya 1970, na Tanzania Bara ilingoja mpaka mwaka 1994. Katika miaka yote ile ya kungoja, watu wa Bara hawakukosa mahali pa kuazima, maana redio ilikuwapo. Wengi wangali wanakumbuka mchezo wa Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania Dar es Salaam, ambao ulichukua jina lake katika methali ya zamani na kuirudisha methali hiyo vinywani mwa watu. Methali iliingia redioni, ikatoka redioni ikiwa mpya.

Lakini katika Afrika ya Mashariki hatujui kibwagizo kilichosafiri mbali kuliko kile cha marehemu Leonard Mambo Mbotela. Mwaka 1966, katika Sauti ya Kenya, alianzisha kipindi kilichoitwa “Je, Huu ni Ungwana?” nacho kikaendelea kwa zaidi ya miaka hamsini. Kazi ya kipindi ilikuwa nyepesi kueleza. Mtangazaji alisimulia tabia fulani ya watu: huyu anapenya mbele ya wenzake katika foleni, yule anakwenda kumtembelea rafiki saa ya chakula kwa makusudi, mwingine anazungumza kwa kelele mahali pa msiba. Kisha aliwageukia wasikilizaji na kuwauliza swali lile lile. Hakutukana, wala hakutaja jina la mtu. Aliuliza tu, akamwacha kila mmoja ajihukumu mwenyewe.

Swali hilo lilitoka studioni likaenda kukaa mitaani. Mpaka leo, mtu akikanyagwa mguu ndani ya matatu bila kuombwa radhi, hana haja ya ugomvi. Husema maneno manne yale, na abiria wote hujua kesi imekwisha kuamuliwa. Na tunaposema kwamba neno la kuazima laweza kuwa na uzito kuliko la kujitungia, huu ndio ushahidi wetu. Mtu akisema kwa maneno yake mwenyewe, “Wewe huna adabu,” anasimama peke yake, naye atajibiwa kwa ukali. Akiuliza kama huu ni ungwana, anasimama pamoja na watu wote waliowahi kulisikia swali hilo.

Yafaa pia tulitazame neno lenyewe. Zamani, katika miji ya pwani, mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, na kinyume chake alikuwa mtwana, yaani mtumwa. Ungwana ulikuwa wa damu, haukuwa wa tabia peke yake. Sasa, Mbotela alitoka katika ukoo wa watu walioachwa huru kutoka utumwani na kukaa Freretown, karibu na Mombasa. Katika ukoo huo alitoka pia James Mbotela, aliyeandika kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichochapwa mwaka 1934. Basi fikirini, wasomaji wetu: mjukuu wa watumwa ndiye aliyekaa mbele ya kipaza sauti, miaka nenda miaka rudi, akiwauliza matajiri na maskini, wakubwa na wadogo, kama matendo yao ni ya kiungwana. Neno lililokuwa ukuta wa kuwatenga watu limekuwa mizani ya kuwapimia wote. Kazi hiyo haikufanywa kwa amri. Ilifanywa na watu wa kawaida, kila mmoja akiliazima swali na kulitumia.

Imani ya watu juu ya sauti moja ni hazina, na wenye nguvu huijua thamani yake. Tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi waliojaribu kuipindua serikali ya Kenya walimchukua Mbotela na kumlazimisha atangaze kwamba serikali imeanguka. Bunduki walikuwa nazo. Walichokosa ni sauti ambayo watu wangeiamini. Jaribio lile lilishindwa, naye aliendelea na kazi yake. Alifariki dunia Februari 2025, na swali lake lilibaki na wenyewe.

Huko ng'ambo nako wanasiasa wamejaribu bahati yao kwa maneno ya namna hii. Mwaka 1984, Marekani, tangazo la televisheni la kampuni ya kuuza mikate yenye nyama lilimwonyesha bibi kizee akitazama mkate mkubwa wenye kipande kidogo cha nyama, akiuliza kwa hasira nyama iko wapi. Nchi nzima ikaliokota swali lile. Walter Mondale, aliyekuwa akishindana na Gary Hart ndani ya chama chao cha Democratic, alimgeukia mwenzake katika mjadala, akamwambia kwamba kila amsikiapo akihubiri fikira zake mpya hukumbuka tangazo lile. Watu walicheka, na Hart aliumia, kwa maana alitakiwa aonyeshe nyama. Mondale akateuliwa na chama. Lakini Novemba mwaka ule ule, mbele ya Ronald Reagan, alishindwa katika majimbo 49 kati ya 50. Kibwagizo kilitosha kumfunga mtu mdomo. Hakikutosha kuwapa wananchi sababu ya kumpigia yeye kura.

Hapo ndipo tunapotaka kusimama na kusema na wenzetu wafanyakazi. Kibwagizo kina nguvu kwa sababu moja: msikilizaji anakijua kabla hakijatamkwa. Mchezo hukirudia kila juma, mahali pale pale, kwa sauti ile ile, mpaka mtazamaji hukingoja kama mtoto angojavyo mwisho wa hadithi aijuayo. Kikitamkwa, kicheko hutoka chenyewe, bila kufikiri. Na kitu kitoacho kicheko bila kufikiri chaweza kutumiwa kuzuia kufikiri.

Tulilishuhudia jambo hilo katika mkutano wa wafanyakazi, mahali ambapo hapana haja ya kupataja. Kijana mmoja wa zamu ya usiku alisimama akauliza, kwa heshima na kwa hesabu zake mkononi, malipo ya saa za ziada ya miezi minne yamekwenda wapi. Mwenyekiti hakumjibu. Alivuta pumzi, akageuza sauti, akatoa kauli ya mchekeshaji wa jana usiku, pamoja na lafudhi yake na ule mtikisiko wake wa mabega. Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko. Kijana akasimama kidogo, akacheka naye kwa kuona haya, akaketi. Mkutano ukaendelea na shughuli nyingine. Nasi tuliokuwapo kwa kazi ya kuandika habari, tulicheka. Tulipofika ofisini na kufungua daftari letu, tuliona tumeandika kile kichekesho, na lile swali hatukuliandika.

Tena kuna jambo la lafudhi, maana vibwagizo vingi havichekeshi kwa maneno yake bali kwa matamshi. Katika mchezo wa Vitimbi wa televisheni ya Kenya, marehemu Benson Wanjau, Mkikuyu, aliigiza Mzee Ojwang', mzee mwenye Kiswahili cha lafudhi ya Kijaluo, na alipofariki mwaka 2015 aliliwa na Wakenya wa kila kabila. Alipendwa kwa kuwa mzee yule aliigizwa kama mtu kamili: mwenye nyumba, mke, wivu, huruma na heshima zake. Lakini mtu akiuchukua ulimi ule na kumtupia mwenziwe kazini, akiacha utu wote nyuma, hajaazima mchezo, ameazima fimbo. Lafudhi ile ile, kauli ile ile, na bado jambo limekuwa jingine kabisa.

Kwa hiyo hatuwashauri watu waache kuazima. Maisha ya kazi ni magumu, na kicheko cha pamoja saa nne ya asubuhi huwaunganisha watu ambao hawakuzaliwa kijiji kimoja. Twasema tu kwamba mwenye kuazima jembe hulima nalo. Halitumii kuzibia njia. Swali la mtu likiwa mezani, lijibiwe kwanza. Mzaha utafuata, nao utakuwa mtamu zaidi. Na aliye nje ya mlango, asiye na televisheni nyumbani au asiyekuwa na nafasi ya kuitazama, aelezwe kauli ile imetoka wapi, ili naye aingie acheke.

Mkutano ule ulikuwa na wa pili, baada ya mwezi mmoja, nasi tulikwenda tena. Kijana alisimama, akauliza swali lake kama mwanzo. Mwenyekiti akavuta pumzi, na watu wakaanza kutabasamu, wakijua kinachokuja. Ndipo mama mmoja mfagiaji, mtu mzima aliyelelewa na redio ya Nairobi, akasema kutoka viti vya nyuma, bila kupaza sauti:

“Bwana mwenyekiti, je, huu ni ungwana?”

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alimwita karani, kitabu cha malipo kikaletwa, na mbele ya wote ikatajwa tarehe. Nusu ya fedha ilitoka kwa tarehe ile. Nusu ya pili, tunapoandika haya, ingali inadaiwa. Na safari hii swali limo katika daftari letu.