Mdau ni nani Lokutu? Mashamba ya michikichi ya Tshopo na safari ndefu ya malalamiko

KISANGANI – Mtu anayekwenda Lokutu kutoka bandari za Kisangani hushuka Mto Kongo zaidi ya kilomita 200. Hupita Yangambi, kisha Isangi pale Mto Lomami unapoingia, na mara nyingi husafiri kwa balenieri, yale maboti marefu ya mbao yanayobeba watu, mihogo, mbuzi na madumu ya mawese kwa pamoja. Mwisho wa safari ni safu za michikichi iliyopandwa kwa mstari, moja baada ya nyingine, hadi jicho lichoke.

Hili ndilo shamba kubwa kuliko yote ya Plantations et Huileries du Congo, kampuni ambayo wengi huiita PHC tu. Kati ya hekta zipatazo 107,000 ambazo kampuni inazishikilia nchini, karibu hekta 63,000 ziko Lokutu, katika maeneo ya Basoko, Isangi na Yahuma. Zilizobaki ziko Yaligimba, mkoa wa Mongala, na Boteka, mkoa wa Équateur.

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, Lokutu imekuwa ikitajwa kwenye ofisi za Ulaya na Marekani. Kila mwenye fedha aliyeingia alikuja na neno lilelile: wadau. Kampuni itazungumza na wadau, benki zitawasikiliza wadau, mpango wa kazi umeandaliwa pamoja na wadau. Mzee wa kijiji ambaye shamba la baba yake liko ndani ya mipaka ya kampuni naye ni mdau. Mama anayeokota ngazi zilizodondoka chini ya michikichi ni mdau pia. Lakini kuhesabiwa ni jambo moja, na kukaa mezani wakati uamuzi unapofanywa ni jambo jingine.

Mkataba wa 1911

Mwanzo wa habari hii ni tarehe 14 Aprili 1911. Siku hiyo serikali ya Ubelgiji ilitia saini mkataba na William Lever, mfanyabiashara wa sabuni wa Uingereza aliyekuja kuitwa Lord Leverhulme. Alipewa maduara matano kwenye ramani, kila moja likiwa na kipenyo cha nusu cha kilomita 60, na ndani yake angeweza kuchagua hadi hekta 750,000. Lokutu ikapewa jina la malkia wa Ubelgiji: Elisabetha.

Mkataba huo ulikuwa tayari na kile ambacho leo kingeitwa masharti ya kijamii. Kampuni ilitakiwa kujenga shule na hospitali katika kila duara, na kulipa angalau senti 25 kwa siku. Waliotia saini walikuwa wawili, serikali ya kikoloni na kampuni. Wenye misitu na michikichi hiyo hawakuulizwa, na kwa miongo iliyofuata wengi wao walifanya kazi kwa kushurutishwa. Mbali na Tshopo, katika eneo la Kwango ambako kampuni hiyohiyo ilikuwa na duara jingine, Wapende waliasi mwaka 1931 na uasi wao ukazimwa kwa damu.

Kampuni ya Lever iliungana na wenzake wa Uholanzi ikawa Unilever, nayo ikayashikilia mashamba ya Kongo hadi 2009, ilipouza hisa zake kwa Feronia, kampuni ya Kanada. Dola ya Kongo ilibaki na hisa karibu robo. Mwaka 2015 Unilever ilitoa ripoti yake ya kwanza kuhusu haki za binadamu, kwa kufuata mwongozo uliotokana na kanuni za Umoja wa Mataifa za 2011. Ripoti za namna hiyo huangalia biashara ya sasa na ya kesho. Lokutu ilikuwa imeshatoka mikononi mwake miaka sita kabla.

Benki za maendeleo zaingia

Feronia haikuwa na fedha za kutosha kufufua mashamba yaliyochakaa wakati wa vita. Fedha zikatoka Ulaya, kwenye benki za maendeleo ambazo ni mali ya dola: CDC ya Uingereza, DEG ya Ujerumani, FMO ya Uholanzi na BIO ya Ubelgiji. Kwa hesabu ya shirika la Human Rights Watch, uwekezaji wao ulikaribia dola milioni 100, na CDC pekee ilikuwa na asilimia 38 ya hisa za Feronia.

Benki hizi zina masharti. Anayepokea fedha zao hutakiwa kulinda usalama kazini, kutunza mazingira na kuzungumza na jamii zinazoguswa. Masharti hayo yana uzito wa pekee Lokutu, kwa sababu mafuta ya PHC huuzwa zaidi ndani ya Kongo. Hakuna mnunuzi wa Paris au London anayeweza kutishia kuyasusia. Aliyekuwa na uwezo wa kuibana kampuni ni yule aliyeikopesha.

Kampuni iliandikiana na viongozi wa vijiji mikataba ya huduma za jamii: visima, vituo vya afya, shule. Feronia na wafadhili wake walijitetea mara nyingi kwa kuonyesha hivyo, wakisema bila fedha zao maelfu ya ajira yangepotea kwenye eneo ambalo mwajiri mwingine mkubwa hayupo. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Yeyote anayejua upungufu wa kazi za mshahara katika vijiji vya Tshopo ataielewa.

Lakini Novemba 2019 Human Rights Watch ilitoa matokeo ya uchunguzi wake katika mashamba hayo, baada ya kuzungumza na zaidi ya watu 200. Wapulizia dawa walikuwa wakifanya kazi bila vifaa vya kutosha vya kujikinga. Walipimwa afya, wakasema hawakupewa majibu ya vipimo vyao. Maji machafu ya viwanda vya kukamulia yalimwagwa kwenye mikondo ya maji bila kusafishwa. Na kulikuwa na wanawake waliolipwa hadi kufikia dola 7.30 kwa mwezi mzima.

Kwa kulinganisha, kima cha chini cha mshahara wa taifa kilichowekwa kwa amri ya waziri mkuu mwaka 2018 kilikuwa faranga 7,075 kwa siku, zaidi kidogo ya dola 4 kwa bei ya fedha ya wakati ule. Mwezi wa mama huyo haukufikia siku mbili za kima hicho.

Kibarua wa miaka

Chanzo kimoja cha malipo hayo madogo ni ajira ya kutwa. Sheria ya kazi ya Kongo ya Oktoba 2002 inaonekana wazi hapo. Mtu aliyefanya kibarua siku 22 ndani ya miezi miwili, kisha akachukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Anapata haki za mfanyakazi kamili, pamoja na matibabu yake na ya familia yake kwa gharama ya mwajiri. Katika mashamba ya michikichi, watafiti walikuta watu waliokuwa vibarua kwa miaka.

Kuthibitisha siku 22 kunahitaji karatasi, na karatasi ziko mikononi mwa mwajiri. Kibarua anayetaka kudai huangalia pia upande wa pili wa mto, ambako hakuna kazi, na mara nyingi hunyamaza. Chama cha wafanyakazi kingeweza kumsemea. Tatizo ni kwamba wajumbe wa chama kazini huchaguliwa na wafanyakazi wanaotambuliwa, na yeye bado hajatambuliwa.

Malalamiko hadi Ulaya

Novemba 2018, mwaka mmoja kabla ya ripoti hiyo, jamii tisa zilipitia shirika la Kongo RIAO-RDC na kupeleka malalamiko Ulaya, kwenye chombo huru kinachopokea mashtaka dhidi ya miradi ya DEG na FMO. Walichodai hasa ni ardhi: walisema kampuni inakalia mashamba ya mababu zao bila wao kukubali.

Utaratibu wa chombo hicho ni wa hatua kwa hatua. Wataalamu huru huamua kwanza kama malalamiko yanapokelewa. Kisha kuna njia mbili, kuwapatanisha walalamikaji na kampuni kupitia msuluhishi, au kuchunguza kama benki ilizifuata kanuni zake yenyewe. Malalamiko ya Lokutu yalipokelewa, ikachaguliwa njia ya usuluhishi. Ndipo subira ilipoanza. Miaka ilipita kabla pande hizo hazijafika kwenye mazungumzo yenyewe, huku janga la korona likifunga safari na watu wa vijiji wakikamatwa na polisi kwa vipindi tofauti.

Hofu ilikuwapo pia. Julai 2019 mwanaharakati mmoja wa RIAO-RDC aliuawa karibu na Ingende, jirani na mashamba ya Boteka. Wenzake walimtuhumu mlinzi wa kampuni. Kampuni ikakana kuhusika. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka njia ya malalamiko iwe ya kuaminika na ifikiwe na wale inaowahusu. Ni vigumu kuona jinsi mwanakijiji angeiamini njia hiyo huku akihofia maisha yake.

Mwaka 2020, usuluhishi ukiwa bado haujafika popote, Feronia ilifilisika. PHC ikaenda kwa Straight KKM 2, kampuni iliyo chini ya Kuramo Capital ya New York. Benki zilizokopesha zilisamehe sehemu kubwa ya deni. Jamii zilizokuwa zimelalamika dhidi ya mradi wa benki za Ulaya zikajikuta na mmiliki mwingine, ambaye fedha zake zinatoka kwingine kabisa. Mwaka 2022 Oakland Institute ya Marekani ilieleza kuwa miongoni mwa walioweka fedha katika Kuramo ni mifuko ya Chuo Kikuu cha Michigan na Chuo Kikuu cha Washington cha St. Louis. Mfuko wa chuo unaweza kumiliki kipande cha Lokutu bila mwanafunzi hata mmoja wa chuo hicho kujua Basoko iko wapi.

Kwa upande wa Ulaya, sheria zimekuwa zikibadilika. Ufaransa ilianza 2017 kuzitaka kampuni kubwa ziangalie madhara ya shughuli zao nje ya nchi, na sheria ya Ujerumani ilianza kutumika Januari 2023. Zote mbili zinafuata kampuni za kule na mtandao wa wanaoziuzia bidhaa. Mawese yanayokamuliwa Tshopo na kuuzwa Kongo hayaonekani kirahisi kwenye darubini hiyo.

Ardhi inabaki kuwa fundo gumu kuliko yote. Kwa sheria ya ardhi ya Julai 1973, ardhi yote ya Kongo ni mali ya dola, na kampuni hupewa mkataba wa hadi miaka 25 unaoweza kurudiwa. Kifungu cha 389 kinasema haki za wananchi juu ya ardhi ya mila zitawekwa na amri ya rais. Marais wamepita tangu Mobutu, na amri hiyo haijatolewa. Kwa hiyo mwanakijiji wa Lokutu akienda kudai Kisangani, mwakilishi wa kampuni hufika na hati, na yeye hufika na makaburi ya wazee wake, na kumbukumbu ya mahali kijiji kilipokuwa kabla ya michikichi.