Saa ya Mzee Ndani ya Droo

Akina mama, ni nani kati yetu asiye na saa moja ya zamani nyumbani, isiyotembea tena? Imelala ndani ya droo pamoja na vifungo, funguo zisizojulikana za mlango gani, na picha za pasipoti. Aliivaa babu, au baba mkwe, au bwana mwenyewe alipokuwa kijana. Siku ya usafi mkubwa tunaifuta vumbi na kuirudisha palepale. Mtoto akiililia tunampa aichezee.

Zipo saa za namna hiyo zinazonunuliwa leo kwa bei ya nyumba. Zipo pia ambazo mtoto hapaswi kuzigusa kabisa. Ndiyo maana tumeona tulizungumze jambo hili, ingawa wapo watakaosema kukusanya saa za kale ni mchezo wa matajiri wa Ulaya.

Tuanze na la kutufurahisha sisi wanawake. Saa ya mkono ilikuwa yetu kabla haijawa ya akina baba. Mwaka 1810 Caroline Murat, malkia wa Naples, aliagiza kwa fundi Breguet wa Paris saa ya kuvaa mkononi, akakabidhiwa mwaka 1812. Mwaka 1868 kampuni ya Patek Philippe ya Geneva ilitengeneza nyingine kwa ajili ya Countess Koscowicz wa Hungaria. Wanaume wa siku zile walibeba saa mfukoni kwa mnyororo, na ya mkononi waliiona pambo la kike. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyowageuza, maana askari aliye ndani ya handaki hana nafasi ya kupekua mfuko. Sisi wauguzi tulibaki na yetu ya kubandika kifuani. Mkono unaonawa kila mara hautaki saa, na bila mshale wa sekunde huwezi kuhesabu mapigo ya moyo ya mgonjwa.

Sasa tuje kwenye thamani. Joanne Woodward na mumewe Paul Newman, wote waigizaji wa sinema wa Marekani, walioana mwaka 1958 wakaishi pamoja mpaka mume alipofariki mwaka 2008. Mwishoni mwa miaka ya 1960 bwana huyu alishikwa na mapenzi ya mbio za magari. Mke akaingiwa na hofu, kama ambavyo yeyote kati yetu angeingiwa. Akamnunulia saa ya Rolex aina ya Daytona, akaagiza nyuma yake yachongwe maneno machache: endesha kwa uangalifu, mimi. Hakuweka jina. Kuna haja gani ya jina kati ya mtu na mumewe?

Saa ile haikuwa ghali sana kwa watu wa hali yao. Aina hiyo ilikuwa haifiki dola 300. Tena uso wake, wenye rangi za kupishana na tarakimu za umbo la ajabu, haukupendwa na wateja, na nyingine za namna hiyo zilikaa madukani muda mrefu bila mnunuzi. Mwaka 1984 kijana mmoja, rafiki wa binti yao Nell, alikuwa akitengeneza kibanda cha juu ya mti nyumbani kwao Connecticut. Newman akamuuliza ni saa ngapi. Kijana akajibu hana saa. Mzee akampa ile yake, akamwambia ukiitia ufunguo inatunza wakati vizuri.

Tarehe 26 Oktoba 2017 saa hiyo iliuzwa mnadani New York kwa dola 17,752,500, na sehemu ya fedha ikaenda kwenye mfuko wa hisani wa binti huyo. Tulipoisimulia habari hii katika kikundi chetu, mabishano hayakuwa juu ya fedha. Akina mama walitaka kujua zawadi ya mke inatolewaje kwa mtu wa nje! Sisi tunasema bwana yule hakukosa, maana mkewe alikuwa amemnunulia nyingine, na nyuma yake yalichongwa maneno ya kumsihi aendeshe polepole, safari hii na jina la Joanne. Hiyo alimpa binti yao Clea, ikauzwa Desemba 2020 kwa zaidi ya dola milioni 5.

Mnaona basi kwamba si dhahabu inayopandisha bei. Mwaka 2016 huko Geneva, Patek Philippe ya chuma kisichoshika kutu, ya aina iitwayo 1518, iliuzwa kwa zaidi ya faranga milioni 11 za Uswisi. Za dhahabu za aina hiyo ni nyingi kuliko za chuma. Za chuma zinazojulikana ni nne tu. Wakusanyaji hutafuta uchache, hutafuta habari ya mwenye saa, na hutaka kila kitu kiwe kile kilichotoka kiwandani. Fundi akiisugua saa mpaka ing'ae, au akibadilisha uso uliofifia kwa mpya, anaweza kuwa ameondoa sehemu kubwa ya thamani kwa nia njema kabisa.

Hata alama ndogo ni mali. Sultani Qaboos, aliyeanza kutawala Oman mwaka 1970, aliwazawadia watu waliomtumikia saa za Rolex zenye nembo ya jambia, nyingi zikiagizwa kupitia duka la Asprey la London. Jamaa zetu walioko Muscat wanaijua nembo hiyo. Mjane asiyeambiwa maana yake anaweza kuiuza kama saa yoyote.

Katika kuwatembelea wafiwa tumeona kwamba matanga yakiisha, vitu vidogo ndivyo vinavyotoweka kwanza. Shamba lina mipaka na mashahidi, lakini saa huingia mfukoni mwa shemeji. Mume angali hai, kaeni pamoja mwandike jina la saa, namba zilizochongwa juu yake, nani aliinunua na mwaka gani, na nani ataachiwa. Risiti na kasha lake msivitupe. Piga picha pia. Na bwana akianza kununua saa za kale kwa tamaa ya faida, mwulize kwa upole kama ameionyesha kwa mafundi wawili wasiojuana, maana za bandia ni nyingi na karo ya watoto ni moja.

Limebaki la afya, nalo sisi wauguzi hatuwezi kuliruka. Saa nyingi za kale zilipakwa rangi ya kung'aa gizani iliyochanganywa na radiamu. Huko Orange, New Jersey, kuanzia mwaka 1917, wasichana waliajiriwa kupaka rangi hiyo, wakafundishwa kuichonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Radiamu mwilini hufuata njia ya kalsiamu na kukaa ndani ya mifupa. Meno yaling'oka, mataya yakaoza, damu ikapungua, wengi wakafa wangali vijana. Mwaka 1927 Grace Fryer na wenzake wanne waliishtaki kampuni. Mwaka 1928 ikakubali kumlipa kila mmoja dola 10,000, pensheni ya dola 600 kwa mwaka na gharama za matibabu. Grace alifariki mwaka 1933.

Radiamu hupungua nusu kwa miaka 1,600. Kwa hiyo saa ambayo imeacha kung'aa siku nyingi bado inatoa mionzi, kwa sababu kilichochoka ni ile dawa ya kung'aa tu. Pia hutoa gesi ya radoni. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Northampton na Kingston nchini Uingereza walipima saa 30 za namna hiyo zilizokusanywa pamoja, wakakuta gesi imezidi mno kiwango cha usalama chumbani.

Tazama chini ya uso wa saa. Saa nyingi za Uswisi zilizopakwa tritiamu, iliyochukua nafasi ya radiamu, zina herufi T kando ya neno Swiss. Kama ni ya kabla ya miaka ya 1960 na tarakimu zake zina rangi ya kahawia iliyokauka, usiifungue, wala usiikwangue. Iweke ndani ya kasha, mbali na chumba cha kulala, mahali penye hewa, watoto wasipofika. Kama kioo kimepasuka usiivae, nawa mikono ukiishika, na umweleze fundi kabla hajaifungua.