Chakula Kama Sehemu ya Tiba: Lishe ya Watoto Wanaoishi na VVU Kibera na Kawangware

Mtoto anayeishi na virusi vya UKIMWI, yaani VVU, huhitaji kila siku dawa za kupunguza makali ya virusi pamoja na mlo kamili. Dawa hizo hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma nchini Kenya, lakini chakula kimebaki kuwa mzigo wa familia, na katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi mzigo huo hutegemea kibarua kilichopatikana siku hiyo.

Mwili unaopambana na virusi hutumia nishati nyingi kuliko kawaida hata kabla dalili hazijaonekana. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtoto mwenye VVU asiye na dalili huhitaji nyongeza ya asilimia 10 hivi ya nishati, ilhali anayepungua uzani huhitaji nyongeza ya asilimia 50 hadi 100. Kwa mtoto ambaye kawaida yake ni kalori 1,500 kwa siku, nyongeza ya kwanza ni kalori 150, ambazo konzi moja ndogo ya njugu karanga yaweza kuzitoa. Nyongeza ya pili, inayofikia kalori 1,500 nyingine, ni vigumu mno kuipata kwa mtoto mgonjwa asiye na hamu ya kula. Ndiyo maana kuzuia utapiamlo, yaani hali ya mwili kukosa virutubisho vinavyoufaa, ni rahisi kuliko kuutibu.

Maradhi nayo huziba njia ya chakula, kwa kuwa utando mweupe wa kuvu kinywani hufanya kumeza kuwe na maumivu, na kuhara, ambako huletwa mara nyingi na maji machafu, huondoa virutubisho kabla havijafyonzwa. Matokeo yake ni udumavu, yaani kimo kisicholingana na umri, na kuchelewa kubalehe. Kwa walio kati ya miezi 6 na miaka 5, wahudumu hupima mzingo wa mkono wa juu kwa utepe wa rangi: kipimo kilicho chini ya sentimita 11.5 huangukia sehemu nyekundu na huashiria utapiamlo mkali.

Ugali kwa sukuma wiki hushibisha, ila peke yake hauna protini wala mafuta ya kutosha mwili unaokua. Kinachoukamilisha hupatikana vibandani kwa vipimo vidogo: omena, ndengu, maharagwe, yai, parachichi, au uji wa wimbi uliotiwa maziwa au njugu zilizosagwa. Huko Kibera, kilimo cha magunia kilienea kuanzia mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, na katika kilimo hicho gunia hujazwa udongo, likatobolewa ubavuni, na miche ya sukuma wiki au spinachi ikapandwa katika kila tundu, hivyo familia isiyo na shamba ikapata mboga mlangoni.

Chakula na dawa huathiriana pia. Vidonge vya madini ya chuma au kalisi, vikimezwa pamoja na dolutegravir, mojawapo ya dawa za VVU, tumbo likiwa tupu, huzuia dawa hiyo isifyonzwe vizuri, kwa hiyo mlezi hupaswa kumwarifu mhudumu kuhusu kila kidonge cha ziada. Kijana aliyebalehe ana shida nyingine, kwa maana kichefuchefu cha kumeza dawa kwa njaa na hofu ya kuonwa na wenzake humfanya aruke dozi kimyakimya.

Mpango wa Lea Toto, ulioanzishwa na shirika la Nyumbani mwaka 1999, umewahudumia watoto wanaoishi na VVU na walezi wao katika mitaa hii, na tangu mwaka 2023 mpango wa Dishi na County huwauzia wanafunzi wa shule za umma Nairobi chakula cha mchana kwa shilingi 5. Hata hivyo, watoto wengi wa mabanda husoma katika shule za binafsi za mtaani, na mgao wa chakula unaotolewa kwa mtoto mmoja huishia kugawanywa kwa ndugu zake wote, kwani hakuna mama awezaye kumlisha mmoja huku wengine wakitazama. Kwa sababu hiyo, msaada wa lishe hauna budi kupimwa kwa idadi ya walaji wa nyumba nzima, na mlo wa shule kumfikia mtoto popote asomapo, kwa kuwa dawa iliyotolewa bure haitamkuza mtoto anayelala njaa.